Mashine ya gesi ya kukaushia nguo: moto unawaka mara ya kwanza, kisha haurudi

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa mashine za kukaushia nguo zinazotumia gesi. Tuna nyumba ndogo ya wageni hapa Jambiani, na mashine tunayoitumia tuliletewa na ndugu yetu kutoka Marekani, ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani. Ni mashine ya umeme wa volti 120 na hezi 60, kwa hiyo tunaiendesha kwa transfoma ya kushushia umeme, na moto wake unatokana na gesi ya mtungi wa kilo 15. Kwa muda mrefu ilifanya kazi bila ya taabu. Sasa masika yamekaza, mashuka na mataulo hayakauki hata yakianikwa barazani, na mashine nayo imeanza ukaidi.

Tatizo lenyewe ni hili. Tukiiwasha asubuhi, pipa linazunguka, na kupitia kitundu kilichopo chini mbele tunakiona kiwashio kinaiva rangi ya chungwa, kisha gesi inashika moto kwa mvumo unaosikika. Nguo zinapata joto vizuri. Baada ya dakika chache moto unazimika, jambo ambalo mwanzo tulilichukulia kuwa ni la kawaida kwa kuwa hata zamani ulikuwa ukizimika na kurudi. Ila sasa haurudi. Kiwashio kinaiva tena, kinakaa hivyo kwa muda, kinazimika, na moto hautokei. Baadaye kinaiva tena na kuzimika tena, na mchezo ni huo huo mpaka saa ya mashine inamalizika, ilhali pipa linaendelea kuzunguka na kupuliza hewa ya baridi. Tukiiacha ipumzike kiasi cha saa moja, inawaka upya kama kwamba haikuwa na neno.

Fundi wa kwanza aliyeiangalia alisema tununue kiwashio kipya. Wa pili alisema kasoro ni rigaleta ya mtungi, na akapendekeza pia kwamba fyuzi moja iliyopo nyuma ya mashine iondolewe na nyaya zake ziunganishwe moja kwa moja, ili "joto lisikatwekatwe". Hilo la mwisho tumelikataa kwa sasa, kwa sababu chumba cha kufulia kipo ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala wageni. Vipuri vya mashine hii havipatikani madukani Darajani wala Mwanakwerekwe, ni lazima viagizwe kutoka nje, na kila kitakachoagizwa kwa kubahatisha ni fedha iliyopotea. Ninachoomba kujua ni kitu gani kikaguliwe kwanza, na kwa dalili gani mtu anaweza kusema kwa yakini kwamba kasoro ipo hapa na si pale.

Msomaji wa Chake Chake

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu wa Jambiani. Mimi ningeanzia mwisho wa njia ya hewa, yaani kwenye bomba linalotoa hewa ya moto nje ya nyumba. Hapa kwetu Pemba niliiona mashine ya aina hiyo ambayo watu waliihangaikia sana, kumbe mdomo wa bomba lake ulikuwa umefungwa wavu wa mbu ili panya wasiingie, na wavu ule ulikuwa umeziba kwa vumbi la nguo lililolowana na kugandamana mpaka likawa nene kama blanketi. Hewa ikikosa pa kutokea, joto linarudi ndani, thamostati ya usalama, yaani swichi inayohisi joto, inakata moto, na nguo zinabaki na unyevunyevu hata zikizungushwa kutwa.

Bomba liwe la bati gumu la kipenyo cha inchi 4, liwe fupi iwezavyo, na lisiwe na kona nyingi. Yale ya plastiki yenye mikunjo mikunjo yaondoshwe kabisa, kwa sababu mikunjo hukamata vumbi la nguo, na vumbi hilo linashika moto upesi mno. Mdomo wa nje unatakiwa uwe na kifuniko chepesi kinachofunguka kwa kusukumwa na hewa na kujifunga mashine ikisimama. Wavu usiwekwe.

Fundi wa mashine za kufulia, Nungwi

Assalaam alaykum nyote. Nimefanya kazi hii katika vyumba vya kufulia vya hoteli za ukanda wa kaskazini, na mashine nyingi za gesi nilizozifungua ni za Marekani kama hiyo. Shauri la ndugu wa Chake Chake ni la kufuatwa kwa hali yoyote, na mashine isifunguliwe kwa kutafuta kasoro ya umeme kabla njia ya hewa haijasafishwa kuanzia kwenye chujio hadi nje ya ukuta. Hata hivyo, dalili alizozieleza mwenye mashine si za bomba lililoziba. Thamostati ya usalama inapokata, inakata umeme wa sehemu yote ya moto, kikiwemo kiwashio. Kwa hiyo mashine iliyozidiwa na joto itazungusha pipa bila ya kiwashio kuiva hata kidogo, mpaka ipoe. Kwake yeye kiwashio kinaiva, kinazimika, na moto hautokei. Tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha pa kwenda.

Naomba nieleze mpangilio wa mashine hizi, kwa sababu ukishaufahamu hutahitaji kubahatisha. Ukibonyeza swichi, mota inaanza kwanza. Mota ikishapata mwendo, ndani yake mna swichi inayoruhusu umeme kwenda upande wa moto, na maana yake ni kwamba moto hauwezi kuwashwa iwapo feni haizunguki. Umeme huo unapita kwenye thamostati na fyuzi ya joto, halafu unafika kwenye kiwashio na kwenye koili za valvu ya gesi. Koili zimo juu ya valvu, na kazi yake ni kuvuta vizibo viwili vilivyomo ndani vinavyozuia gesi. Kimoja kinavutwa tangu mwanzo, cha pili kinasubiri. Kinachokifanya kisubiri ni sensa ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa kichomeo, mkabala wa kiwashio. Sensa hiyo ikiwa baridi imefunga njia, na umeme unakwenda kukiivisha kiwashio. Kiwashio kikishaiva sawasawa, joto lake linaifungua sensa, na katika nusu dakika au zaidi kidogo umeme unahama: kiwashio kinazimika, koili ya pili inavuta kizibo chake, gesi inatoka na kukutana na kiwashio ambacho bado kina moto wa kutosha kuiwasha.

Sasa pima maneno ya mwenye mashine kwa mpangilio huo. Kiwashio kinaiva, kwa hivyo ni kizima, na kumshauri anunue kipya hakuna msingi. Kiwashio kibovu hakiivi. Mara nyingi ukikitazama kwa tochi utaona ufa mwembamba umekikata, na ukikipima kwa mita kikiwa baridi hakitoi usomaji wowote, ambapo kizima cha aina ile ya kijivu yenye mikunjo hutoa kitu baina ya omu 50 na 400 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Tena kiwashio chake kinazimika baada ya kuiva, kwa hivyo sensa nayo inafanya kazi yake. Sensa ingekuwa imekwama katika hali ya kufunga, kiwashio kingebaki kinawaka bila ya kuzimika mpaka mwisho. Ingekuwa imekwama wazi, kiwashio kisingeiva. Fyuzi ya joto nayo ni nzima, kwa sababu ingekuwa imekatika upande wa moto ungekuwa umekufa moja kwa moja, na katika baadhi ya mashine hata mota isingezunguka. Kinachobaki ni ile hatua ya mwisho: umeme umehama, kizibo hakijavutwa, au kimevutwa na gesi haikufika.

Na hapo ndipo habari ya "inawaka ikiwa baridi, haiwaki ikishapata moto" inapopata maana yake. Koili ni waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi mno, na waya wa shaba unapopata joto ukinzani wake unapanda. Koili iliyochoka, ambayo gamba la waya wake limeanza kuungua ndani, ikiwa baridi bado ina nguvu ya kuvuta. Ikikaa jirani ya kichomeo kwa dakika kumi inalegea, na pale thamostati inapoukata moto kwa mara ya kwanza na kutaka kuurudisha, haiwezi tena. Ukiipumzisha inapoa na inapata nguvu upya. Nimeliona tatizo hili mara nyingi kuliko tatizo jingine lolote la moto katika mashine hizi, na dawa yake ni kubadilisha koili zote mbili pamoja, kwani huuzwa kwa jozi.

Ila usiagize bado. Kuna jambo moja la kuthibitisha. Chomoa mashine kwenye umeme, funga mtungi, ondosha bamba la chini mbele, halafu irudishe mashine kazini huku umekaa kando yake na nguo, nywele na mikono viko mbali na mkanda unaozunguka. Subiri mpaka ifike ule wakati wa kushindwa. Kiwashio kinapozimika, sikiliza. Valvu nzima inatoa mlio mfupi na mkavu wa kizibo kuvutwa. Usiposikia mlio, koili haivuti. Ukiusikia mlio na moto haukuja, basi koili haina kosa, na uiangalie gesi: mtungi, rigaleta, mpira, au tundu la nozeli, ile pua inayotolea gesi kwenye kichomeo, lililozibwa na kutu au utando wa buibui. Usiguse waya wowote wakati huo, maana umeme umo.

Baadaye, mashine ikiwa imechomolewa na gesi imefungwa, na koili bado zina moto, chomoa plagi zake uzipime. Namba zinatofautiana kwa kila muundo, lakini koili yenye miguu miwili kwa kawaida hukaa karibu na omu 1,200 hadi 1,400, na ile ya miguu mitatu hutoa karibu na hizo kwa upande mmoja na omu 500 hadi 600 kwa upande wa pili. Namba inayorukaruka au kupotea kabisa koili zikiwa na moto ni ushahidi wa kutosha. Lakini namba nzuri si ushahidi wa uzima, na hasa zikipimwa baridi. Mlio wa kizibo ndio shahidi mkubwa.

Kuhusu yule aliyesema fyuzi ya joto iondolewe na nyaya ziunganishwe, nakuomba sana umzuie kwa nguvu zako zote. Fyuzi ile hukatika mara moja tu na haijirudishi, na inakatika kwa sababu joto limepita kiasi mahali penye vumbi la nguo, gesi na upepo wa feni. Ikikatika, mtu anatafuta kilicholeta joto, anakiondosha, kisha anaweka fyuzi mpya, ambayo ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa katika mashine nzima. Kuiunganisha kwa waya ni kuwalaza watu katika nyumba ambayo mlinzi wake umemfunga mikono. Mimi siendelei na kazi kwa mteja anayenitaka nifanye hivyo.

Mama wa watoto, Michenzani

Samahani kwa kuingilia, ndugu zangu. Je, isingekuwa nafuu kuiacha hii ya gesi na kununua ya umeme mtupu ya volti 230, ili mtu aondokane na mitungi na transfoma kwa pamoja?

Fundi wa mashine za kufulia, Nungwi

Dada yangu, kwa nyumba ya familia inayokausha mara moja moja, jibu ni ndiyo, ile ndogo ya umeme inatosha. Kwa mataulo ya wageni kila siku hesabu inabadilika. Mashine kubwa ya umeme inavuta kilowati nne au tano kwa mfululizo, ambazo zinahitaji waya wake mzito peke yake kutoka kwenye mita, na nyumba nyingi za pwani ya mashariki nyaya zake hazikuwekwa kwa mzigo huo. Ya gesi inahitaji umeme wa mota na kiwashio tu.

Mhandisi aliyestaafu, Mjini Unguja

Maelezo ya fundi wa Nungwi nayaunga mkono, na ningependa kuongeza mambo mawili ambayo kwa mashine iliyotoka Marekani hayawezi kuachwa, la umeme na la gesi, kwa sababu yote mawili yanaweza kuiua koili mpya kama ilivyokufa ya zamani.

Nianze na umeme. Transfoma hushusha volti, haibadilishi hezi. Mota ya mashine hiyo iliundwa kwa hezi 60, na hapa kwetu inapata 50, kwa hivyo inazunguka kwa mwendo uliopungua kwa moja ya sita. Feni imo kwenye mota hiyo hiyo, nayo inapunguza upepo kwa kadiri hiyo. Ndio maana lile aliloliandika ndugu wa Chake Chake lina uzito zaidi hapa kuliko huko mashine ilikotoka: bomba refu ambalo kule lingevumilika, hapa litaichosha. Mota nayo itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa, kwani volti 120 kwa hezi 50 ni nyingi kwake. Kwa upande wake, volti 100 hadi 110 zingeifaa zaidi. Lakini koili za valvu zinataka kinyume chake, yaani volti zikishuka mvuto wake unapungua. Mtu anatakiwa asimame katikati, na hapo katikati hapana nafasi kubwa.

Kwa hiyo pimeni volti zinazotoka kwenye transfoma mashine ikiwa kazini, si ikiwa imezimwa. Transfoma ndogo hutoa 110 ikiwa haina mzigo na kuanguka vibaya mara mota inapoanza na kiwashio kikawa kinaiva. Mota ya mashine hizi inakula kiasi cha ampea tano au sita, kiwashio kinaongeza kama tatu au nne, na wakati wa kuanza mota inavuta mara kadhaa ya kiwango chake. Kwa mashine hiyo mimi nisingetumia transfoma iliyo chini ya wati 2,000, na ningependelea 3,000. Pimeni pia saa za magharibi, wakati kila nyumba imewasha taa, friji na pampu ya maji, kwa sababu umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 200, upande wa pili nao unashuka kwa uwiano ule ule, na 110 inakuwa 96. Iwapo mashine inagoma jioni tu na asubuhi inafanya kazi mfululizo, lawama iende kwenye umeme kabla ya koili.

Sasa gesi. Mashine nyingi za Marekani hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa gesi asilia ya bomba, ile ya jamii ya gesi inayotoka Songo Songo kwenda Dar es Salaam. Gesi ya mitungi tunayoitumia Unguja na Pemba ni nyingine. Ina nguvu zaidi kwa kila ujazo, kwa hiyo inahitaji nozeli yenye tundu dogo zaidi na mpangilio tofauti ndani ya valvu. Kuna seti maalumu ya vipuri vya kufanya mageuzi hayo kwa kila muundo. Mashine iliyoungwa kwenye mtungi bila ya mageuzi itawaka, na hilo ndilo linalowadanganya watu, lakini moto wake utakuwa mrefu, wa njano, wenye masizi, na utatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi ambayo inaua watu usingizini. Tazameni moto kupitia kitundu kile. Unaotakiwa ni wa buluu, na ncha ndogo za njano zinavumilika. Mkiona njano tupu, au weusi kwenye mashuka meupe, zimeni na msiwashe tena kabla ya mageuzi kufanywa. Angalieni pia kibati cha taarifa kilichopo karibu na mlango au nyuma, na kibandiko cha mageuzi kama kipo.

Mgandamizo nao una mpaka wake. Mashine iliyowekwa kwa gesi ya mtungi inakusudiwa kupata kiasi cha inchi 11 za maji, ambazo ni karibu na milibari 27, na isizidi inchi 13. Rigaleta za kawaida za majumbani, zinazotoa milibari 28 hadi 30, zimo ndani ya mpaka huo. Zile za majiko makubwa ya hoteli zenye kitasa cha kuzungusha hazifai, hata kwa kujaribia.

Swali moja kwa mwenye mashine. Mtungi huo wa kilo 15 unatumiwa na mashine peke yake, au na jiko pia? Nauliza kwa sababu kichomeo cha mashine kama hiyo kina nguvu ya kilowati sita hivi, ambazo ni sawa na nusu kilo ya gesi kwa kila saa moto unapowaka. Gesi ndani ya mtungi ni maji maji yanayogeuka mvuke, na kugeuka huko kunaupoza mtungi. Mtungi mdogo wa kilo 6, au mkubwa uliokaribia kwisha, ukivutwa kwa kasi hiyo huku jiko nalo linawaka, unapoa mpaka unatoa jasho ubavuni, na mgandamizo unashuka. Dalili yake ni moto unaodhoofika kidogo kidogo na kuwa mfupi, si moto unaokataa kabisa kuja.

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Nawashukuru nyote kwa dhati, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, nikiwa pamoja na kijana mmoja fundi umeme wa hapa kijijini, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kibati cha nyuma kina kibandiko kinachoeleza kwamba mashine imegeuzwa kutumia gesi ya mtungi, na moto ni wa buluu uliotulia. Mtungi ni wa mashine peke yake. Jiko lina mtungi wake. Transfoma inatoa volti 111 ikiwa haina mzigo, na 106 mashine ikiwa inazunguka na kiwashio kinaiva. Jioni inashuka hadi 101, lakini tatizo lilikuwa lile lile asubuhi na jioni.

Tulipoondosha bamba la chini tukakuta vumbi la nguo limetanda sakafuni pembeni mwa kichomeo, likiwa kavu kabisa na jepesi, umbali wa vidole vinne tu kutoka kwenye moto. Tulilitoa kwa brashi na mashine ya kuvutia vumbi. Vishikizo vya nyaya za koili vilikuwa na kutu ya kijani, ambayo bila shaka inatokana na hewa ya chumvi, kwani chumba kinapata upepo wa bahari moja kwa moja. Tukavisafisha kwa msasa laini, tukijua kwamba kiungo kibovu nacho kinaweza kunyima koili umeme. Kisha tukairudisha kazini na kukaa kimya kusikiliza.

Mara ya kwanza, kiwashio kilipozimika mlio ulisikika wazi, "tak", na moto ukaja. Baada ya thamostati kuukata moto na kiwashio kuiva upya, kilizimika bila ya mlio wowote. Tuliacha izunguke ili tuhakikishe, na kila kilipozimika palikuwa kimya. Tulipopima koili zikiwa bado na moto, ile ya miguu miwili haikutoa namba yoyote. Ilipopoa ikatoa 1,290. Ndipo nikaagiza jozi ya koili kupitia kwa jamaa yetu aliyeko Dubai, pamoja na fyuzi ya joto ya akiba.

Koili zimefika na zimefungwa. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhania, kwa sababu koili zimepachikwa juu ya valvu na kushikiliwa na kibati chenye skrubu mbili, na hapana kiungo cha gesi kilichofunguliwa. Sasa moto unakatika na kurudi kama inavyotakiwa, na mataulo ya vyumba vyote yanatoka makavu kwa mkupuo mmoja.

Nimebakiwa na suali la mwisho. Mtungi tumeuweka ndani ya chumba hicho hicho cha kufulia, chini ya rafu, kwa kuhofia kwamba ukikaa nje chumvi ya bahari itaula yeye pamoja na rigaleta. Je, ni sawa?

Mhandisi aliyestaafu, Mjini Unguja

Hapana, si sawa, na ninakusihi uutoe leo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani. Inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, na kichomeo cha mashine yako kipo chini, karibu na sakafu hiyo hiyo, kikiwa na kiwashio kinachoiva kila baada ya dakika chache bila ya mtu kukitazama. Harufu kali iliyotiwa kwenye gesi inamsaidia aliye macho na aliyemo chumbani, na chumba cha kufulia aghalabu hakina mtu.

Uweke mtungi nje, upande wa ukuta usiopigwa na upepo wa bahari, usimame wima juu ya tofali, mbali na mfereji wa maji machafu, karo, na mlango au dirisha la chini. Ujengee kibanda kidogo chenye paa la kuzuia mvua na jua, na pande zake ziwe na matundu chini na juu. Kutu kwenye rigaleta ni jambo la kweli pwani, na dawa yake ni kuibadilisha pamoja na mpira wa gesi mara tu vinapoonyesha dalili ya kuchoka, kama kutu inayomenyeka kwenye rigaleta, au mpira uliokakamaa na wenye nyufa ndogo ukiukunja. Njia inayopita ukutani iwe ya bomba la chuma au la shaba, na mpira uwe mfupi wa kuunganishia tu, usipite ndani ya ukuta wala nyuma ya mashine mahali unapoweza kubanwa.

Fundi wa mashine za kufulia, Nungwi

Naongeza neno moja juu ya hayo. Ukishahamisha mtungi, koroga sabuni ya unga na maji mpaka yatoe povu zito, ulipake kwa brashi kwenye kila kiungo kuanzia kichwa cha mtungi hadi nyuma ya mashine, gesi ikiwa imefunguliwa na mashine imezimwa. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga mtungi na ukaze au ubadilishe kiungo hicho, kisha upake tena. Kiberiti kisitumike kabisa kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa umekuta vumbi kavu pembeni mwa kichomeo, kagua ule ufito wa sufi unaozunguka mdomo wa pipa kwa mbele, kwa sababu ukichakaa ndio unaopitisha vumbi kuelekea chini. Wakati ukiliondosha bamba la mbele kwa ukaguzi huo, upime na mkanda wa pipa: ukiwa na nyufa au unang'aa upande wa ndani, agiza pamoja na huo ufito, maana vyote viwili hubadilishwa kwa kufungua mara moja.

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Mtungi umeshatolewa nje upande wa magharibi wa nyumba, na viungo vyote vimepakwa povu bila ya kuonekana uvujaji. Ufito wa sufi umemeguka kwa chini, upana wa kiganja. Nimeshauagiza pamoja na mkanda, na bamba la chini tutakuwa tunalifungua kila mwisho wa mwezi kwa kusafisha mpaka vifike.